Lisbon kwa Pesa Kidogo, na Tiketi Moja ya Kulipia Bila Kusita

Nianze na hukumu yangu, mwenye haraka asisumbuke. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ni mji unaoweza kuutembelea kwa pesa kidogo na usijione umenyimwa kitu, mradi ule mchana badala ya usiku, upande vilima kwa miguu yako na uachane na sehemu zenye foleni. Pesa utakayookoa kalipie tiketi ya jumba moja la makumbusho ambalo wageni wengi hawalifiki, kwa sababu ndani yake kuna dhahabu ya Kilwa. Mimi ni mtu wa Kilwa Masoko. Kwa sasa nafanya kazi ya kutunza wazee Uholanzi, kwa hiyo bei nitakazotaja ni za mtu mwenye mshahara wa kawaida, anayetuma nyumbani kila mwezi na anayeigeuza kila euro kuwa shilingi 3,000 kichwani kabla ya kuitoa. Nikiambiwa niupe mji huu nyota, naupa nne kati ya tano. Ile ya tano imeliwa na bei za vitanda.

Anayetoka Tanzania moja kwa moja ana gharama ambazo mimi sikuwa nazo. Visa ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari ya angalau euro 30,000 ni lazima. Hayo siyaweki kwenye hesabu yangu.

Ukitua, achana na teksi. Metro inaanzia pale pale uwanja wa ndege, laini nyekundu. Unabadilisha Alameda, unaingia laini ya kijani, unashuka Martim Moniz au Rossio, na kwa nusu saa hivi uko katikati ya mji. Kwenye mashine nunua kadi ya Navegante, senti 50. Ni karatasi ngumu tu lakini usiitupe, inatumika mwaka mzima. Kila mtu awe na yake, maana watu wawili hawaruhusiwi kugonga kadi moja. Mashine itakuonyesha tiketi ya saa 24, karibu euro 7, na itakuonyesha pia kitu wanachokiita Zapping, ambacho ni kuweka salio tu: unaweka euro 10, na kila ukigonga inakatwa nauli isiyofika euro 2. Chukua salio. Ile ya saa 24 inakulipa ukipanda zaidi ya mara nne kwa siku, na katikati ya Lisbon hutafika huko, kwa sababu kila kitu kiko karibu na kingine ila kimoja kiko juu na kingine chini. Tena salio hilo hilo linakupandisha treni za Sintra na Cascais na kivuko cha kuvuka mto Tejo, ambavyo tiketi ya kawaida ya saa 24 haivigusi.

Malazi ndiyo yanayouma. Nilikwenda Machi, nikapata kitanda kwenye chumba cha wanawake peke yao, hosteli ya upande wa Anjos, chini kidogo ya euro 30 kwa usiku. Juu ya hapo manispaa inatoza kodi ya wageni, euro 4 kwa mtu kwa usiku tangu Septemba 2024, hadi usiku wa saba. Mara nyingi kodi hiyo haimo kwenye bei unayoiona mtandaoni, inadaiwa mapokezi, kwa hiyo iweke kwenye bajeti mapema. Usikubali kitanda cha Bairro Alto hata kikiwa nafuu, kwa sababu watu wanakunywa barabarani mpaka usiku wa manane na kuta haziwazuii. Anjos, Arroios na Intendente ziko kwenye laini ya kijani, zina maduka ya watu wanaoishi hapo, na usiku unalala. Jambo moja hawakuambii: nyumba nyingi za Lisbon hazina mfumo wa kupasha joto. Nje jua linawaka, ndani mifupa inakuuma. Kwa miezi ya Novemba hadi Machi beba soksi nzito na sweta ya kulalia, na kabla ya kulipa uliza kama chumba kina hita. Mimi niliuliza, nikaambiwa ipo, na kweli ilikuwepo. Ilizimwa saa nne usiku.

Sasa chakula, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo Lisbon inapoishinda miji mingine ya Ulaya Magharibi niliyofika.

Neno la kujua ni tasca. Ni mgahawa mdogo wa mtaani, meza zimebanana, kitambaa cha mezani ni karatasi, televisheni iko ukutani, na menyu imeandikwa kwa mkono ikabandikwa kwenye kioo cha mlango. Unatafuta maneno prato do dia, chakula cha siku. Kwa euro 9 hadi 12 unapata sahani kamili, na mara nyingi supu au kahawa iko humo humo. Sharti ni muda: kati ya saa sita mchana na saa tisa. Sahani ile ile usiku, kwenye mtaa wa watalii wa Baixa, inapanda karibu mara mbili na samaki wake ni mdogo.

Niliyoipenda iko kwenye kichochoro cha kupanda kutoka Intendente. Mama mwenye mgahawa alikuwa anachoma mwenyewe mlangoni, jiko la mkaa, chumvi ya mawe anaimwaga kwa kiganja bila kupima. Nilichagua carapau, samaki mdogo wa familia ya kolekole. Wakaja watatu wazima na vichwa vyao, ngozi imepasuka kwa moto, viazi vya kuchemsha pembeni, vitunguu vibichi vimekatwa nyembamba, na chupa ya mafuta ya zeituni unajimiminia mwenyewe. Hakuna mchuzi wala viungo vya kuficha kitu. Samaki alikuwa mbichi, kavuliwa karibuni, na mtu aliyekulia pwani hadanganywi kwa hilo. Nilimla mpaka mashavu. Mama yule alipopita akaona sahani ina miiba mitupu, akaniongezea mkate bila kuniandikia kwenye bili.

Mkate wenyewe una habari yake. Ukikaa tu, kabla hujaagiza, wanakuwekea kikapu cha mkate, zeituni, pengine jibini na vikopo vidogo vya samaki wa kupaka. Wanaviita couvert na vina bei, wakati mwingine euro 1 kwa kila kimoja, wakati mwingine 3 au 4. Sheria ya Ureno inasema chakula ambacho hukukiagiza na hukukigusa huwezi kutozwa. Kwa hiyo sema asante, virudisheni, mapema na kwa tabasamu. Hakuna anayenuna, Wareno wenyewe wanafanya hivyo.

Kwa Waislamu wenzangu: nguruwe yuko mahali usipomtegemea. Supu yao maarufu, caldo verde, ni viazi na mboga ya majani iliyokatwa nyembamba kama sukuma wiki, ukiitazama utadhani haina neno, lakini juu yake wanaweka kipande cha chouriço, soseji ya nguruwe, na mara nyingi imechemshiwa humo. Sema "sem porco" na umuangalie mtu machoni mpaka akuelewe. Samaki na pweza ndio usalama wako. Wali wa pweza, arroz de polvo, unakuja kwenye sufuria ndogo ukiwa na rojo, pweza laini sana. Ukitaka nyama halali, nenda Rua do Benformoso, mtaa unaoanzia pale Martim Moniz. Umejaa migahawa na mabucha ya Wabangladeshi na Wapakistani, biriani ya kushiba haizidi euro 8, na chai ya maziwa wanapika inavyotakiwa. Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985, uko karibu na kituo cha metro cha Praça de Espanha. Wengi wa jumuiya iliyouanzisha walitoka Msumbiji, wenye asili ya Kihindi.

Msumbiji hiyo hiyo, pamoja na Goa, ndiyo iliyoleta sambusa kwenye mikahawa ya Lisbon. Wanaziita chamuças, zinakaa kwenye kabati la kioo pamoja na keki. Uliza nyama gani. Ya kuku niliyokula ilikuwa na bizari na pilipili, karibu euro 1.50, na pamoja na kahawa ndogo wanayoiita bica, ambayo ukiinywa umesimama kaunta inakwenda karibu euro 1, umemaliza kifungua kinywa. Ukienda kukaa kwenye meza za nje kahawa hiyo hiyo inapanda bei. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kaunta kila asubuhi.

Keki za pastel de nata, zile ndogo za krimu ya mayai, mtakuwa mmezisikia. Duka la Pastéis de Belém linazitengeneza tangu 1837 na nje kuna mstari mrefu. Mstari huo ni wa kubeba; ndani kuna vyumba vingi vyenye meza, ingia ukae. Zinakuja za moto, ganda linavunjika, unanyunyizia mdalasini. Ni nzuri kweli, haina ubishi. Lakini nilikula nyingine kwenye duka la mkate la mtaani Arroios iliyonipa raha ileile bila kusubiri, kwa hiyo usiumize siku yako kwa ajili ya jina.

Tramu namba 28, ile ya manjano ya kwenye picha zote, siisifii. Kwa wingi wa abiria inaowapakia Martim Moniz hupati kiti, huoni nje, na vibaka wanaijua kuliko madereva. Ukiilipia taslimu kwa dereva ni zaidi ya euro 3, badala ya nauli ya salio. Mwenye hamu nayo aipande asubuhi mapema kutokea mwisho wa pili, Campo de Ourique, ambako inaanza tupu. Bajaji za watalii zimejaa kila kona, ni makumi ya euro kwa saa, na njia zinazopita unaweza kuzitembea. Viatu tu ndiyo muhimu. Njia za miguu ni vijiwe vyeupe vilivyosuguliwa na nyayo kwa miaka mingi, mvua ikigusa vinateleza kama sabuni. Soli iwe ya raba yenye meno.

Kilima cha ngome ya São Jorge kina njia ambayo magoti yatakushukuru. Rua dos Fanqueiros, kwenye mlango wa jengo la kawaida kabisa, kuna lifti ya umma ya bure. Inakutoa mtaa wa juu, unavuka, unaingia jengo lenye supamaketi ya Pingo Doce, na humo kuna lifti nyingine ya bure mpaka juu kabisa. Nilipita na wanafunzi wenye begi na mzee mwenye vitunguu, hakuna mtalii. Ndani ya ngome sikuingia, kiingilio chake ni kikubwa na kinachouzwa zaidi ni mandhari, na mandhari hiyo iko bure kwenye vilima vya jirani, Graça na Senhora do Monte. Kaa pale jioni na matunda uliyonunua Pingo Doce.

Kivuko cha kutoka Cais do Sodré kwenda Cacilhas nakipigia debe sana. Dakika kumi juu ya mto, chini ya euro 2, mji wote uko mbele yako, na abiria wengi ni watu wanaorudi kazini na mifuko yao.

Kwa siku nilikuwa natoa euro 33 za kitanda na kodi, kati ya 15 na 20 za chakula, na 4 au 5 za nauli. Kwa jiji kuu la Ulaya, mnaoishi huku mnaelewa hiyo ni hesabu gani.

Sasa hiyo tiketi niliyosema. Panda basi 714 kutoka Praça da Figueira, shuka Rua das Janelas Verdes, ingia Museu Nacional de Arte Antiga. Uliza mlinzi akuonyeshe Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Hostia, yaani mkate wao mtakatifu, wakati wa kuabudu, kimesimama ndani ya kioo, urefu wake haufiki mita moja. Ni dhahabu na enameli za rangi. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kwa duara, kila mmoja ni mdogo kama kidole, na nyuso zao hazifanani hata mbili. Juu yao kuna minara myembamba kama ya kanisa, na kwenye shina yametundikwa matufe ya falaki, alama ya mfalme Manuel wa Kwanza. Inama uzunguke kitako chake. Kwa herufi za Kireno cha zamani imeandikwa kwamba mfalme aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika mwaka 1506.

Nilisimama pale nikalisoma jina la kwetu herufi kwa herufi. Kwa asiyejua: mwaka 1502 Vasco da Gama, nahodha wa Kireno, kwenye safari yake ya pili ya kwenda India, alitia nanga Kilwa na mizinga, akamlazimisha mtawala wetu, Amir Ibrahim, alipe dhahabu na akubali kuwa chini ya Ureno, la sivyo mji uteketezwe. Dhahabu ile ilikuwa imepita njia ndefu, kutoka nyanda za juu za Zimbabwe ya leo, ikashuka bandari ya Sofala, ikaletwa Kilwa kwa jahazi. Ni biashara hiyo iliyoujenga mji ambao Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliufikia 1331 akausifu kwa uzuri wake. Da Gama alirudi Lisbon nayo 1503. Wareno walirudi Kilwa 1505, wakauteka mji na kujenga ngome, na ngome iitwayo Gereza tunayoiona leo Kilwa Kisiwani imekaa kwenye mabaki yake.

Mimi nimesoma Masoko. Tulivushwa na mwalimu kwenda Kisiwani, tukaonyeshwa Msikiti Mkuu na magofu ya jumba la Husuni Kubwa, tukaambiwa Kilwa ilikuwa tajiri kwa dhahabu. Tulichokiona ni mawe ya matumbawe na miti iliyoota juu ya kuta. Dhahabu yenyewe hatukuwahi kuonyeshwa hata picha. Naona kila mwalimu wa historia wa Lindi na Mtwara anastahili kuwa na picha ya chombo hiki darasani. Nawaambia pia Watanzania mlioko Ulaya, mnaokwenda Lisbon kwa ajili ya jua na keki: hiki kiko dakika ishirini kutoka hosteli zenu. Fundi aliyekitengeneza, wengi wanasema ni Gil Vicente, alikuwa na mkono wa ajabu, na hilo halipunguzi hata chembe ya namna dhahabu ilivyopatikana. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko kitu kingine chochote mjini.

Ukitoka, 714 hiyo hiyo inakufikisha Belém. Kanisa la monasteri ya Jerónimos halina kiingilio, foleni kubwa ya tiketi ni ya kuingia ua wa ndani. Kaburi la Vasco da Gama liko mara tu unapoingia, mkono wa kushoto. Monasteri ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa kodi ya asilimia 5 iliyotozwa biashara ya Afrika na Mashariki. Kaione, lakini baada ya makumbusho. Ukianza na kaburi utaona shujaa aliyechongwa kwenye jiwe, ukianza na dhahabu utajua jiwe hilo linamhusu nani.

Vikwazo viwili vya kupanga. Makumbusho hufungwa Jumatatu, na kwa kuwa majumba mengi ya Lisbon yanafanyiwa ukarabati siku hizi, hakikisha kwenye tovuti yao kwamba yako wazi kabla hujakata tiketi ya ndege. Pili, ushauri wa zamani kwamba Jumapili unaingia bure haufanyi kazi tena kwetu wageni, maana siku za bure ni za wakazi wa Ureno. Utalipa. Ikibidi, siku hiyo kula sambusa mbili na supu isiyo na soseji, tiketi uinunue.